King'amuzi Kinachosema: Mtandao wa Nyumbani na Mtazamaji Asiyeona

  

Kabla ya lolote, utaratibu mmoja. Jioni hii hakuna picha itakayoonyeshwa ukutani. Kila jambo litaelezwa kwa maneno, na kila kifaa kitakachoshikwa hapa mbele kitatajwa jina lake, umbo lake na kazi yake, kisha kitapitishwa mikononi mwa wasikilizaji. Katika ukumbi wenye watu wasioona, huo ndio ukarimu wa kwanza, na walio na macho hawapotezi kitu.

Mhadhara huu una lengo moja. Unataka kuonyesha kwamba mtu asiyeona, akiwa peke yake sebuleni kwake Nkuhungu au Chang'ombe hapa Dodoma, anaweza kujua usiku huu kuna kipindi gani, akakirekodi, na kesho akakisikiliza kwa wakati wake, bila kumwita mtoto wa jirani aje amsomee skrini. Maandishi yanayohitajika tayari yamo ndani ya king'amuzi. Sauti ya kuyasoma tayari imo ndani ya simu. Kinachokosekana ni njia ya kuviunganisha viwili hivyo, na njia hiyo inapita kwenye mtandao wa nyumbani. Hoja zitakuwa tano.

Kwanza, maneno machache kuhusu mahali tulipo. Dodoma si mgeni wa mada hii. Mwaka 1950 Kanisa Anglikana lilianzisha shule ya wasioona pale Buigiri, katika wilaya ya leo ya Chamwino, na vizazi kadhaa vya wasomaji wa breli vimetoka humo. Kongwa, kwa upande wake, inajulikana duniani kwa sababu ya ugonjwa wa vikope, yaani trakoma. Watafiti wamekuwa wakiufuatilia katika vijiji vyake tangu miaka ya 1980, na mwaka 1995 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la Kongwa lililopima faida ya kuwanawisha watoto uso. Hospitali ya Mvumi nayo imekuwa kimbilio la wagonjwa wa macho wa ukanda huu wa kati kwa miaka mingi.

Historia hiyo imetuachia watu wa aina mbili. Wapo waliopoteza uoni mapema, wakapita shuleni, wakajua breli. Na wapo waliopoteza uoni ukubwani kwa vikope, kwa mtoto wa jicho, kwa presha ya macho au kwa kisukari. Hawa wa pili mara nyingi breli hawaijui. Walikuwa na televisheni zao, walikuwa na vipindi vyao, na siku macho yalipogoma hamu ya kufuatilia haikugoma.

Kisha ikaja dijitali. Tanzania ilizima mitambo ya analojia kwa awamu: Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Dodoma pamoja na Tanga zikafuata Januari 2013. Tulikuwa wa kwanza Afrika Mashariki kuanza safari hiyo, na tulikuwa na haki ya kujivunia. Lakini lipo jambo ambalo halikuzungumzwa vya kutosha. Siku za analojia, chaneli zilikuwa chache na kila moja ilikaa kwenye namba yake. Mtu asiyeona alizihesabu kwa kidole. King'amuzi kilileta picha safi na chaneli nyingi, kikaleta pia menyu, ratiba, mishale ya juu na chini, na maswali ya ndiyo au hapana. Vyote hivyo vilikuja bila sauti.

Hoja ya kwanza: asiyeona ni mtazamaji kamili

Huenda yupo anayejiuliza: asiyeona anatafuta nini kwenye televisheni, na redio ipo?

Redio ipo, na inapendwa. Hata hivyo redio haina kila kitu. Tamthilia inayozungumzwa kazini asubuhi haikuwa redioni. Mjadala wa wachambuzi baada ya mechi ya Simba na Yanga, au baada ya timu ya Dodoma Jiji kucheza Uwanja wa Jamhuri, mara nyingi ni wa televisheni. Na zaidi ya vipindi, kuna kukaa pamoja. Familia ikicheka sebuleni, anayekaa chumbani na redio yake anakuwa ametengwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wasikilizaji wenye umri watazikumbuka ngoma zilizotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Aliyezipiga, Mzee Morris Nyunyusa, alikuwa haoni. Mwaka 1970 alizipiga mbele ya mataifa kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani. Utangazaji wa nchi hii ulijulishwa kwa mikono ya mtu asiyeona. Ni haki kabisa wenzake wa leo waweze kuifikia chaneli ya taarifa ya habari kwa mikono yao.

Kwa nini basi kurekodi? Chukueni mfano wa Bunge, ambalo linakaa hapa hapa mjini. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitaendelea kurusha moja kwa moja vikao vyote. Mambo ya siku yangerekodiwa na kuonyeshwa usiku. Mhadhara huu haujadili uamuzi ule. Unachukua funzo la kawaida tu: kipindi muhimu kwa raia kinaweza kuwekwa saa ambayo raia amelala au yuko safarini. Mwenye king'amuzi kinachorekodi anakiwekea alama na kulala. Au chukueni Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na vipindi vya masomo vikarushwa kwa redio na televisheni. Mwanafunzi anayeona alinakili ubaoni. Mwanafunzi asiyeona alihitaji kumsikia mwalimu mara ya pili na ya tatu, na mara ya pili haipo bila kurekodi.

Haya si maombi ya hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 ya mkataba huo inataja televisheni waziwazi: watu wenye ulemavu wafikie vipindi vyake katika mifumo wanayoweza kuitumia. Mwaka uliofuata tukapata sheria yetu wenyewe, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010.

Hoja ya pili: kizuizi ni ukimya wa menyu

Mawimbi ya dijitali yanayofika kwenye antena hayabebi picha na sauti peke yake. Yanabeba pia majedwali ya taarifa: jina la chaneli, jina la kipindi, saa ya kuanza, urefu wake, na pengine muhtasari wa mistari miwili. King'amuzi huyapokea kama maandishi ya kompyuta, herufi kwa herufi. Kisha huyachora kwenye skrini yakawa picha, na hapo ndipo asiyeona anapoachwa njiani.

Tufuate safari ya kurekodi kipindi kimoja. Bonyeza ratiba. Shuka hadi chaneli. Sogea kulia hadi saa ya kipindi. Bonyeza sawa. Kifaa kinauliza: kipindi hiki tu, au kila wiki? Jibu. Labda kinaonya kwamba diski imejaa, au kwamba saa hiyo tayari kuna kipindi kingine kimewekwa. Ni hatua sita au saba, na kila moja ina neno lililoandikwa na lisilotamkwa. Akikosea hatua moja, mtumiaji asiyeona anaweza kujikuta amebadili lugha ya menyu, au amefuta vipindi alivyovitunza, na hajui.

Rimoti inayopita mikononi mwenu sasa ina kinundu kidogo juu ya namba 5. Wasioona wameishi na kinundu hicho kwa miaka mingi: 5 ikipatikana, namba nyingine zote zinapatikana. Wengi huenda mbali zaidi na kukariri: mara mbili chini, mara moja kulia, sawa. Ni ustadi wa kuheshimiwa, lakini hauna msingi wa kudumu. Siku mtoa huduma anapobadilisha programu ya king'amuzi kutoka mbali, menyu inahama nafasi, na yote yaliyokaririwa yanakuwa bure usiku mmoja.

Kwa hiyo tusiseme mtu huyu ameshindwa kutumia king'amuzi. Tuseme king'amuzi kimetengenezwa kikamnyima taarifa ambayo kinayo.

Hoja ya tatu: wengine wameshafanya, na wametuachia funzo

Mwaka 2010, nchini Uingereza, shirika la wasioona la RNIB lilishirikiana na watengenezaji, kikatoka king'amuzi cha Goodmans kilichoitwa Smart Talk. Kilitamka jina la chaneli, jina la kipindi na menyu. Baadaye kampuni ya TVonics iliongeza sauti kwenye ving'amuzi vyake vinavyorekodi, na wasioona wa nchi ile wakapata kupanga rekodi zao wenyewe. Furaha haikudumu: mwaka 2012 TVonics iliingia kwenye usimamizi wa ufilisi. Mwaka huohuo Panasonic ilifanya jambo la namna nyingine. Iliingiza mwongozo wa sauti ndani ya televisheni zake za kawaida, zile ambazo kila mteja alizikuta dukani.

Marekani walipitia kwenye sheria. Oktoba 2010 Rais Obama alitia saini sheria ya mawasiliano na video kwa watu wenye ulemavu, na kuanzia tarehe 20 Desemba 2016 kampuni kubwa zilitakiwa kuwapa wateja wasioona wanaoomba ving'amuzi ambavyo menyu na ratiba zake hutamkwa. Kampuni ya Comcast haikusubiri tarehe hiyo. Mwaka 2014 ilizindua mwongozo wa sauti kwenye king'amuzi chake cha X1, na kazi hiyo iliongozwa na Tom Wlodkowski, kiongozi wa kampuni ambaye mwenyewe haoni.

Funzo la mifano hiyo linatuhusu sana. Kifaa maalumu cha wasioona kina soko dogo. Kampuni ikitetereka, kifaa kinatoweka na wateja wake wanabaki na boksi lisilo na fundi. Sauti ikiwa ndani ya kifaa cha kila mtu, inabaki. Kwa hiyo Tanzania isianze kwa kuagiza boksi la pekee la wasioona kutoka ng'ambo. Ianze na vitu ambavyo tayari vinauzwa kwa wingi madukani, na cha kwanza kati ya hivyo ni simu.

Hoja ya nne: mtandao wa nyumbani ndiyo njia ya mkato

Hapa ndipo mhadhara utakaa kidogo, na mafundi wanaombwa kusogea mbele.

Simu janja ya Android huja na kisoma skrini kiitwacho TalkBack, kilichoanza mwaka 2009. Mwaka huohuo iPhone nayo ikapata VoiceOver. Kwa kompyuta kuna NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kijana asiyeona aliyechoka kuona wenzake wakidaiwa fedha nyingi kwa haki ya kusoma skrini. Injini ya sauti ya eSpeak, inayoambatana na NVDA, inasema Kiswahili. Sauti yake si tamu, lakini inaeleweka, na ni ya bure. Simu za Android nazo zina sauti ya Kiswahili ya Google.

Sasa fikirieni tukiitoa menyu ya king'amuzi kwenye skrini ya televisheni na kuipeleka kwenye simu hiyo. Kinachohitajika ni kipokezi cha mawimbi, kompyuta ndogo, diski, na ruta.

Kompyuta ndogo inayopita mikononi mwenu inaitwa Raspberry Pi. Ni bamba la ukubwa wa kadi ya benki, lenye matundu ya USB upande mmoja na tundu la waya wa mtandao pembeni yake. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 kwa ajili ya kufundishia watoto, na mwaka 2018 ikapata kipande cha kubandika juu yake kinachopokea mawimbi ya DVB-T2, mfumo wa televisheni za antena. Kompyuta ya mezani iliyozeeka, yenye kipokezi cha USB, inafanya kazi ileile.

Ndani yake inawekwa programu ya bure iitwayo Tvheadend. Programu hii husoma yale majedwali ya ratiba yaliyotajwa katika hoja ya pili, na badala ya kuyachora kwenye skrini, huyaweka kwenye ukurasa unaofunguka kwa kivinjari cha simu yoyote iliyomo ndani ya nyumba. Ukurasa wake mkubwa una majedwali mazito yanayosumbua visoma skrini, na fundi asiyelijua hilo atakata tamaa mapema. Lakini programu hiyohiyo ina ukurasa mwepesi, wa maandishi na viungo tu. Mtumiaji anaandika jina la kipindi, simu inamsomea matokeo, anagusa mara mbili palipoandikwa kurekodi, na kazi imeisha. Hatua zile sita au saba za gizani zimekuwa tatu, na kila moja imetamkwa.

Kesho yake anafungua rekodi kwenye simu kwa programu kama VLC, akiwa kitandani au jikoni. Au anaisikilizia kwenye televisheni ya sebuleni pamoja na wengine, kwa sababu mtandao mmoja unafika kote.

Swali linalokuja mara kwa mara ni la bando. Mtandao wa nyumbani na intaneti ni vitu viwili. Nyumba yenye simtanki juu ya paa na mabomba ndani hupata maji jikoni hata siku ambayo bomba la mtaani limekauka. Ruta nayo ni hivyo: husafirisha ratiba, amri na rekodi kati ya vifaa vya nyumba hata kama hakuna senti ya bando iliyonunuliwa. Mzee wa Mpwapwa anayepokea mawimbi kwa antena anaweza kurekodi na kusikiliza mwezi mzima bila intaneti. Aliye na faiba ya TTCL mlangoni, au bando kubwa la simu, ataongeza faida ya kufikia rekodi zake akiwa safarini.

Ndugu fundi aliyeinua mkono kuhusu umeme, jibu linafuata. Umeme ukikatika ghafla, kadi ya kumbukumbu ya kompyuta ndogo inaweza kuharibika. Kwa hiyo betri ndogo ya akiba si anasa. Lipo na tatizo lililojificha zaidi. Raspberry Pi nyingi hazina betri ya saa. Umeme unaporudi, kifaa huulizia saa kwenye intaneti, na kama intaneti haipo, saa inabaki kuwa ya uongo. Rekodi ya saa mbili usiku haitafanyika, na mwenye kifaa atadhani amekosea yeye. Dawa ipo ndani ya Tvheadend: kuna sehemu ya kuruhusu saa ichukuliwe kutoka kwenye mawimbi ya televisheni yenyewe, mradi programu ipewe ruhusa ya kubadili saa ya kompyuta. Fundi aikumbuke siku ya kwanza.

Mambo mengine ya siku ya kwanza ni haya. Kompyuta ya kurekodi ipewe anwani isiyobadilika ndani ya ruta, ili ukurasa uliowekwa alama kwenye simu ufunguke kila siku mahali palepale. Iunganishwe na ruta kwa waya, kwa kuwa kuta nene za matofali hudhoofisha Wi-Fi, na rekodi inayokatikakatika ni mateso kwa anayetegemea sauti. Neno la siri la Wi-Fi huandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibandiko chini ya ruta. Fundi amsomee mwenye nyumba, alibadilishe kuwa neno analolichagua mwenyewe, na wahakikishe pamoja kwamba simu yake imeunganishwa kabla fundi hajaondoka. Ufunguo wa nyumba ukae na mwenye nyumba.

Kuhusu nafasi, hesabu ni nyepesi. Kipindi kinachorushwa kwa megabiti 3 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 1.35 kwa saa, hivyo diski ya terabaiti 1 hubeba zaidi ya saa 700. Lakini asiyeona ana nafuu ambayo mwenye macho hana. Akitaka, anaiacha picha na kutunza sauti peke yake. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja ya sauti ni kama megabaiti 58. Flashi ya gigabaiti 32 itabeba zaidi ya saa 500, na mwanafunzi wa Buigiri anaweza kutembea na masomo ya muhula mzima mfukoni.

Mpango huu una mipaka yake. Chaneli zilizofungwa kwa kadi ya malipo hazifunguki kwa njia hii. Mpango unahusu chaneli zinazopatikana bure kwa antena. Kurekodi kwa matumizi ya nyumbani pia si sawa na kunakili na kuuza flashi stendi. Kazi za watu zina wenyewe. Na usanikishaji wa kwanza unahitaji mtu mwenye ujuzi. Ila ujuzi huo unafundishika kwa mtu asiyeona vilevile, kwa kuwa kompyuta ya aina hii huendeshwa kwa amri za maandishi kupitia mtandao, na maandishi ndiyo chakula cha kisoma skrini. Mafundi wa kwanza wa mifumo hii wangefaa kuwa wasioona wenyewe.

Kwa asiyetaka kuunganisha vipande, kuna televisheni na ving'amuzi vinavyotumia Android TV, mfumo unaokuja na TalkBack. Hapa tahadhari inahitajika: baadhi ya boksi za bei nafuu zinazojiita Android zimeondolewa kisoma skrini. Ushauri ni mmoja: jaribu dukani kabla ya kulipa. Muuzaji akiwashe, kisome, na mnunuzi asikie kwa masikio yake.

Hoja ya tano: wajibu umegawanyika, na kila sehemu ni ndogo

Sehemu ya kwanza ni ya vituo vya televisheni. Kisoma skrini hakiwezi kusoma ambacho hakijaandikwa. Kituo kinachoacha ratiba yake tupu, au kinachoandika jina la chaneli badala ya jina la kipindi, kinaufunga mlango kabla king'amuzi hakijaufikia. Kujaza majedwali hayo kila wiki ni kazi ya mtu mmoja mezani. Kazi hiyo inamsaidia kila mtazamaji, anayeona na asiyeona.

Lipo na jambo la vipindi vyenyewe. Kituo cha WGBH cha Boston kilianza mwaka 1990 kurusha vipindi vyenye msimulizi anayeeleza, katikati ya mazungumzo, kile kinachoonekana: nani ameingia, ameshika nini, uso wake ukoje. Tamthilia zetu zina mandhari tele na kimya kirefu chenye maana. Mtayarishaji wa Tanzania anayetaka kuwa wa kwanza kusimulia tamthilia kwa namna hiyo ataukuta mlango wazi. Mjadala wetu kuhusu televisheni na ulemavu mara nyingi huishia kwa mkalimani wa lugha ya alama, ambaye ni wa lazima kabisa kwa viziwi. Wasioona hawamwonei wivu. Wanaomba mjadala uendelee hadi uwafikie na wao.

Sehemu ya pili ni ya wasimamizi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania huidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni. Katika orodha ya masharti linaweza kuongezwa sharti moja, kwa muda wa mpito unaotosha: kila king'amuzi kipya ama kitamke menyu yake, ama kiruhusu menyu hiyo kusomwa na simu kupitia mtandao wa nyumbani. Sharti likiwa la wote, hakuna kampuni itakayodai kwamba limeionea. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao makao yake yako hapa Dodoma, umeshapeleka vifaa vya TEHAMA kwenye shule zenye wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mfumo wa kurekodi masomo ungekaa vizuri kwenye orodha hiyo.

Sehemu ya tatu ni ya vyama vyenyewe, Chama cha Wasioona Tanzania pamoja na shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, SHIVYAWATA. Kamati inayoandika masharti ya vifaa bila mtumiaji asiyeona ndani yake itaandika masharti yanayopendeza kwenye karatasi. Vyama viandae majina ya wajaribu wao mapema, watu wanaojua TalkBack na NVDA kwa kidole, ili wakiitwa wasihitaji kujifunza ndani ya kikao.

Tunakoelekea

Mheshimiwa Mwenyekiti, yapo mambo yanayoweza kuanza kabla ya sheria kubadilishwa.

Wanafunzi wa TEHAMA wa Chuo Kikuu cha Dodoma hufanya miradi ya kumaliza masomo. Miradi miwili inapendekezwa. Wa kwanza ni ukurasa wa Kiswahili wa kuendeshea Tvheadend, mwepesi, wenye vitufe vinavyotajwa majina yake, uliojaribiwa na wanafunzi wenzao wasioona waliopo chuoni hapo hapo. Wa pili ni faili moja tayari, ambalo fundi ataliweka kwenye kadi ya kumbukumbu na kuichomeka kadi hiyo, likiwa na sauti ya Kiswahili na saa inayojirekebisha yenyewe. Kazi hizo zikitolewa bure kwa umma, fundi wa Singida au Manyoni atazitumia bila kuomba ruhusa ya mtu.

Shule ya Buigiri ni mahali panapofaa kuupima mfumo kwa vitendo: kompyuta moja ya kurekodi, ruta moja, na simu za walimu na wanafunzi. Muhula mmoja utatosha kuonyesha ni hatua zipi zinawakwamisha watumiaji, ni chaneli zipi zina ratiba tupu, na kifaa kinastahimili vipi umeme unapokatika. Taarifa ya jaribio hilo iandikwe kwa breli na kwa maandishi ya kawaida, ipelekwe kwa Mamlaka, kwa vituo na kwa wauzaji.

Na kalenda inatusaidia. Septemba 2023 Shirikisho la Soka Afrika liliwapa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa fainali za AFCON za 2027. Mashindano ya namna hiyo huwafanya watu wanunue televisheni na ving'amuzi vipya, na wauzaji huagiza mizigo yao miezi mingi kabla. Sharti la sauti likiwafikia waagizaji kabla hawajaweka oda, mzigo huo utakuja na ving'amuzi vinavyosema. Likichelewa, nyumba zetu zitakaa na vifaa bubu kwa miaka mingine mingi. Ndiyo maana wawakilishi wa vituo, wa maduka na wa vyama waliomo ukumbini wanaombwa wasiondoke baada ya maswali. Meza iliyo upande wa kulia wa mlango ina kompyuta ya kurekodi iliyowashwa, ruta isiyo na bando, na simu mbili zenye TalkBack. Taarifa ya habari ya saa mbili inakaribia, na yeyote asiyeona anakaribishwa kuirekodi mwenyewe.

 Maswali sasa yanapokelewa, kuanzia safu za nyuma.